Nimempapasa mbwa wangu nikakuta uvimbe: dokta wa wanyama anajibu barua zenu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zina swali moja, yani ukizisoma mfululizo unaweza kudhani zimeandikwa na mtu mmoja: nilikuwa nampapasa mbwa wangu, mkono ukakutana na kitu ambacho juzi hakikuwepo, sasa nifanyeje? Basi nimeona ukurasa wote wa mwezi huu tuutumie kwa hilo. Barua nimezifupisha, majina ya wenye mbwa nimeyatoa, ya mbwa nimeyaacha.

SWALI: Dokta shikamoo. Nina jike anaitwa Popi, ana miaka 9, ni chotara wa Labrador, mnene kidogo nakiri. Juzi namchana manyoya mkono ukasimama kwenye mbavu za kushoto, kuna kitu laini ukubwa wa kidole gumba changu, nikikisukuma kinateleza huku na huku na wala hakimuumi. Jirani yangu kafuga mbwa miaka mingi kaniambia hayo ni mafuta tu, achana nayo. Kaka yangu yeye anasema ni kansa, kitolewe haraka. Siku tatu sijalala vizuri. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwanza nikupoze moyo, uvimbe mwingi unaoota kwenye ngozi ya mbwa sio kansa, na huo uliouelezea, laini, unateleza chini ya ngozi, hauumi, kwa mbwa mtu mzima mwenye mwili wake, tena mwenye damu ya Labrador, unafanana kabisa na kile tunachokiita lipoma, yani bonge la mafuta lililojikusanya sehemu moja. Mbwa anaweza kuwa nayo matano sita mwilini akaishi nayo mpaka uzee bila shida. Kwahiyo jirani yako inawezekana kabisa amepatia.

Ila amebahatisha. Na hapo ndo penye shida, maana hata mimi nikiushika huo uvimbe wa Popi sasa hivi nitakuwa nabahatisha kama yeye. Miaka yangu ya mwanzo kazini nililetewa jike mmoja mpole sana, ana kitu laini kwenye paja, kinateleza vizuri tu, nikakibonyeza nikamwambia mwenyewe kwa ujasiri wote kwamba hayo ni mafuta, nenda nyumbani. Alirudi baada ya miezi 8. Kile kitu kilikuwa kimetambaa karibu paja zima na mtoki, yani tezi ya kinga ya mwili, wa nyuma ya goti umevimba. Hayakuwa mafuta, ilikuwa kansa ya seli za masti, ambayo nitaieleza kwenye barua ya tatu. Yule mama hakunilaumu hata kwa neno moja, alikuwa ananisikiliza huku kamshika mbwa wake kichwa, na mpaka leo nikigusa kitu laini kwenye paja la mbwa namkumbuka. Tangu siku ile sijatamka tena neno mafuta kabla ya sindano.

Sindano yenyewe ni hivi. Dokta anaushika uvimbe kwa vidole viwili usikimbie, anafuta na spiriti, anachoma sindano nyembamba kama ile ya chanjo, anaisogeza ndani mara kadhaa pembe tofauti tofauti, anaichomoa, alafu kilichoingia ndani ya sindano anakipuliza juu ya kipande cha kioo. Dakika chache, hamna nusu kaputi wala ganzi, mbwa wengi hata hawageuzi kichwa hasa ukiwa umewashika taratibu na unaongea nao. Kama ni mafuta utayaona kwa macho yako, matone yanang'aa kwenye kioo na ukiyaacha hapo hayakauki. Lakini hapo bado, usikubali kuishia hapo, kioo kipakwe rangi na kiangaliwe kwa hadubini, kwa sababu sindano inaweza ikapita pembeni ya kitu kibaya ikachota mafuta ya kawaida yaliyo chini ya ngozi, na wote mkarudi nyumbani mmefurahi bure.

Wengi wananiuliza kama kuchoma sindano kunaamsha kansa isambae. Kwa uvimbe wa ngozi hilo ni jambo la nadra mno, na hasara ya kutojua ni kubwa zaidi kwa mbali. Mbwa hawafi kwa sababu ya sindano ya kipimo, wanakufa kwa sababu ya ile "tusubiri tuone" isiyo na tarehe.

Kipimo tunachokitumia sisi madaktari wengi ni rahisi: uvimbe wowote uliofika sentimita 1, yani kama ukubwa wa harage, na umekaa mwezi mmoja, uchomwe sindano. Na ule unaokua haraka, unaobadilika rangi, uliopasuka au anaoulamba kila saa, huo usiusubirishe huo mwezi. Wa Popi umeshapita sentimita 1, kwahiyo mpeleke wiki hii au ijayo, sio usiku wa leo. Kabla hujaenda chukua rula, pima upana na urefu, piga picha rula ikiwa pembeni, andika tarehe na sehemu uliyoukuta, maana mbwa mwenye manyoya mengi akifika kwa dokta uvimbe unapotea mnakuwa mnautafuta watu watatu. Na kupima ni muhimu kuliko mnavyodhani, macho yanadanganya: kitu cha duara kikitoka sentimita 1 kikafika sentimita 2 kwa upana, ndani yake kimejaa mara 8 ya mwanzo, sio mara 2.

Majibu yakitoka lipoma, acheni, msimkate kwa sababu ya muonekano. Utaendelea kuupima kila mwezi, na utatolewa kama unakua mfululizo, umekaa kwapani au kinenani unamzuia kutembea, au umekuwa mgumu. Kumpunguza mwili ni vizuri kwa magoti na moyo wake, fanyeni hivo, ila usitegemee kwamba bonge lililokwishakaa litayeyuka. Na akiota kingine mwaka kesho usiseme ni ndugu yake yule wa kwanza. Kila kimoja na sindano yake, kila kimoja na mstari wake kwenye daftari.

SWALI: Dokta habari. Mbwa wangu Bosi ana miezi 8. Wiki mbili zilizopita ameota kitu chekundu kwenye sikio, hakina manyoya, kimesimama kama kifungo cha shati na kimekua chapchap. Rafiki zangu wanasema nikifunge uzi kikatike chenyewe, mwingine anasema nikichome na maji ya betri. Naomba msaada.

JIBU: Mdogo wangu, huo uzi uweke chini na hayo maji ya betri yatoe kabisa nyumbani. Uzi unakata damu, nyama inaoza taratibu mbwa akiwa anaisikia, nzi wanakuja, usaha unaingia, na shina linabaki chini. Maji ya betri ni asidi, yataunguza sikio, na mbwa atajikuna na kujilamba, utakuwa umemuunguza na ulimi. Afu ukishakiharibu hicho kitu hakuna tena cha kupima, hatutajua kilikuwa nini.

Sasa habari njema. Mbwa mdogo chini ya miaka 3, kitu chekundu kama kifungo, hakina nywele, kimeota ghafla kichwani, sikioni au mguuni, mara nyingi ni histiositoma. Ni uvimbe wa seli za kinga za ngozi, unatisha kwa kasi yake, alafu mwili wenyewe unaugundua na kuufuta, wengi ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu. Unaweza kupata kidonda juu kabla haujanywea, msishtuke. Nakuomba tu akachomwe sindano tuwe na uhakika, na mtu yeyote asimpe dawa za steroidi kwa kudhani ni aleji, kwa sababu zitalaza ile kinga ambayo ndo inafanya kazi ya kuuondoa.

Wapo pia watoto wa mbwa wanaoota chunjua mdomoni, vinundu vyeupe vyeupe vya kukwaruza kwenye midomo na ufizi. Hizo ni za virusi, wanaambukizana wao kwa wao kwenye vyombo na kwenye kucheza, binadamu hapati, na nyingi zinaondoka zenyewe ndani ya miezi michache. Ukiona zimejaa mpaka anashindwa kula, hapo dokta aziangalie.

SWALI: Dokta, nina Boxer dume, miaka 7. Ana kinundu pajani kwa ndani kinanichanganya, asubuhi kidogo, jioni kimevimba na pembeni pekundu, kesho yake kimenywea. Nimekuwa nakiminya nikidhani ni jipu lakini hakitoi usaha. Wiki hii ametapika mara mbili na choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

JIBU: Hii barua sikuisubirisha mpaka gazeti litoke, nilimpigia kaka huyu simu saa ileile niliyoisoma. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine wenye mbwa wa aina hii, kwa sababu kila sentensi aliyoandika ina maana.

Kwenye ngozi kuna seli zinaitwa seli za masti, kazi yake ni kubeba histamini na kemikali nyingine za kinga, ndo hizo zinazofanya paliponyonywa na mbu pavimbe na pawashe. Seli hizi zikigeuka kansa, uvimbe wake unakuwa kama gunia la hizo kemikali. Ukiuminya, ukiusugua, hata ukigongwa tu kwenye mlango, unamwaga, pembeni panavimba na kuwa pekundu, baada ya saa kadhaa panarudi. Mwenye mbwa anaona umenywea anasema unapona. Kumbe histamini imeingia kwenye damu, imefika tumboni, tumbo limemwaga asidi kupita kiasi, vidonda vimefunguka. Choo cheusi kama lami ni damu iliyomeng'enywa. Kwahiyo kutapika na choo cheusi kwa mbwa mwenye kinundu kinachovimba na kunywea ni jambo la siku hiyohiyo, sio la wiki ijayo.

Kansa hii ni miongoni mwa zinazopatikana sana kwenye ngozi ya mbwa, na Boxer, Pug na Labrador wanaipata kuliko wengine japo mbwa yeyote anaweza. Tatizo lake ni kwamba haina sura moja. Nimeikuta kama kinundu chekundu kisicho na nywele, nimeikuta laini kama lipoma, nimeikuta kama paliponyonywa na kupe. Ndo maana nashikilia sindano kiasi hiki, na bahati nzuri hii ni kansa ambayo sindano inaikamata vizuri sana, zile seli zimejaa chembechembe za zambarau huwezi kuzikosea kirahisi.

Na kujua kabla ya kukata kunabadilisha operesheni yenyewe. Kwa lipoma dokta anachomoa bonge na kufunga. Kwa hii anatakiwa kukata na ngozi nzima pembeni, mara nyingi sentimita 2 mpaka 3 kila upande, na kwenda chini mpaka kwenye utando wa misuli, na mbwa anapewa dawa za kuzuia histamini na za kulinda tumbo kabla. Akikata bila kujua anaacha mizizi, alafu mara ya pili ngozi ya kuvutia kufunga inakuwa imeshapungua, mguuni ndo kabisa. Uvimbe ukishatoka lazima uende maabara, wote na sio kipande, wakaangalie kingo kama ni safi na seli ni za daraja gani la ukali. Mbwa wengi wenye daraja la chini waliokatwa vizuri wanapona moja kwa moja, na hilo nalisema kwa furaha. Msikubali uvimbe wowote wa mbwa wenu utupwe kwenye ndoo ya takataka baada ya operesheni. Mmeshalipa gharama ya kisu na mbwa ameshabeba maumivu, malizieni mjue kilikuwa nini.

Kaka huyu alimpeleka, sindano imeonyesha seli za masti, tumbo limetibiwa, operesheni imefanyika. Majibu ya kingo bado tunayasubiri.

SWALI: Dokta, mbwa wangu Chui ana vitu viwili vigumu chini ya taya, kushoto na kulia, vinalingana. Nilidhani ni meno. Mtu mmoja anayeuza dawa kanipa prednisoloni, nikampa siku tano, vikapungua karibu viishe, nikashukuru Mungu. Vimerudi na sasa nyuma ya magoti pia naona kuna kitu. Anakula vizuri tu, ana furaha. Nimuongezee dozi?

JIBU: Hapana dada, usimuongezee. Prednisoloni ni moja ya zile dawa za steroidi nilizozitaja kwa Bosi. Lakini pia usizikate ghafla kama bado unampa, mbwa aliyekaa na dawa hizo anatakiwa kupunguziwa kwa maelekezo, kwahiyo nenda kwa dokta leo au kesho na ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Vitu viwili vinavyolingana, kulia na kushoto, chini ya taya na nyuma ya magoti, hiyo ni mitoki. Mbwa anayo kama sisi: chini ya taya, mbele ya bega, kwapani, kinenani na nyuma ya goti. Hebu mweke mbwa wako amesimama, pita nyuma yake, shika mguu wa nyuma pale goti linapokunja, vidole vyako vikiwa kwa nyuma, bana taratibu kama unatafuta gololi ndani ya soksi. Kwa mbwa mzima utakuta kitu kidogo kama harage au usikute kabisa. Ukikuta gololi mbili kubwa zinalingana pande zote, ndo hali ya Chui. Fanyeni zoezi hili mbwa akiwa mzima, ili mkono ujue kawaida yake ikoje.

Mitoki yote ikivimba kuna njia kuu mbili. Moja ni maambukizi, na kwenye sehemu zenye kupe yapo magonjwa ya kupe yanayovimbisha mitoki na kuleta homa, mengine yanatibika vizuri kwa antibayotiki. Ya pili ni limfoma, kansa ya seli nyeupe za damu, na hii inaanza hivohivo, mbwa anakula, anacheza, mitoki haiumi. Prednisoloni inazipunguza seli za limfoma kwa muda, ndo maana ulishukuru. Ila inafanya mambo mawili mabaya: inaficha picha kwenye hadubini tukashindwa kusoma vizuri, na inazizoesha seli kiasi kwamba dawa zenyewe za kansa zikija baadae zinafanya kazi vibaya. Mwambie dokta kila kidonge ulichompa, usione aibu, yeye hawezi kusoma kioo sawasawa bila kujua hilo, na wa kulaumiwa hapa sio wewe.

Ikiwa ni limfoma, ukweli ni kwamba bila matibabu mbwa wengi wanabaki na wiki chache mpaka miezi michache. Wakipata dawa za kansa wengi wanaongezewa miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka, na wengi wao hawaumwi sana na dawa hizo kama binadamu. Sio kila mahali zinapatikana na sio kila mtu anaweza, na anayeamua kumtunza mbwa wake kwa amani mpaka mwisho naye amempenda. Lakini amua ukiwa umeshajua ni nini.

SWALI: Jike wangu ana miaka 8, hajawahi kufungwa kizazi, amezaa mara mbili. Karibu na chuchu ya nyuma kuna punje ngumu kama changarawe. Ananyonyesha? Hapana, hana watoto. Ni maziwa yaliyoganda?

JIBU: Mama, hayo sio maziwa. Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, punje ngumu kwenye ziwa ni uvimbe wa matiti mpaka ithibitike vinginevyo, na takriban nusu ya uvimbe wa aina hii kwa mbwa ni kansa. Nusu nyingine sio, kwahiyo usikate tamaa, lakini usikae. Hapa ukubwa ndo kila kitu, kikitolewa kikiwa changarawe mbwa ana nafasi nzuri kabisa, kikishapita sentimita 3 nafasi inapungua.

Mlaze chali, muache akae sawa. Mbwa wengi wana chuchu 10, safu mbili, tano tano, anzia kifuani ushuke mpaka kinenani, kila ziwa ulibingirishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Mbili za nyuma kila upande zishike kwa makini zaidi, huko ndo mara nyingi vinaota. Ukikuta kimoja tafuta cha pili, mara nyingi hakiko peke yake. Kabla ya kisu dokta apige eksirei ya kifua aone kama mapafu ni safi. Ukiona matiti yote yamevimba kwa pamoja, ya moto, mekundu, yanauma, hapo sema mapema sana, inaweza kuwa maambukizi na inaweza kuwa aina mbaya ya kansa ambayo haikatwi.

Na wenye majike wadogo, kumfunga kizazi mapema kunapunguza sana hatari hii, faida inakuwa kubwa zaidi ikifanyika kabla hajapata joto mara mbili za mwanzo. Kwa mbwa wa maumbo makubwa kuna mambo ya mifupa ya kuangalia pia, kwahiyo muda kamili upangeni na dokta wenu.

Mafupi mafupi

Aliyeandika kwamba dume wake ana "kupe wawili waliogoma kutoka tumboni": kaka tafadhali usivute tena, hizo ni chuchu. Madume nayo yanazo, safu mbili zinalingana. Kupe ana miguu, ukifunua manyoya na tochi utaiona pale ngozi inapoanzia.

Mwenye mtoto wa mbwa aliyepata uvimbe shingoni siku mbili baada ya chanjo, hilo ni jambo la kawaida, linatakiwa liwe linapungua wiki hadi wiki. Likifika mwezi halijaondoka au linakua, arudi.

Dada ambaye dume wake akichangamka anavimba mipira miwili chini ya tumbo kwenye shina la uume, hiyo ni maumbile, inarudi ndani ya dakika chache. Isiporudi baada ya nusu saa, uume uko nje na unakauka, hapo nenda.

Mbwa mkubwa mwenye mfuko laini wa maji kwenye kiwiko: analala sakafu ngumu. Mpe godoro nene. Msitoboe kuyatoa maji, mtaingiza vijidudu na maji yatarudi.

Sikio limejaa ghafla kama mto mdogo, ni damu imevuja kati ya ngozi na gegedu kwa sababu ya kutikisa kichwa. Sikio litibiwe, ila na sababu ya kutikisa itafutwe, mara nyingi ni maambukizi au utitiri ndani ya sikio.

Uvimbe wa moto, unauma, umeota kwa siku mbili tatu baada ya kugombana na mbwa mwenzie, huo kweli unaweza kuwa jipu, meno ya mbwa yanaacha tundu dogo na uchafu mwingi chini. Dokta atalifungua, atalisafisha, atampa antibayotiki. Msimpe dawa zenu za maumivu, ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol zinaharibu tumbo, figo na ini la mbwa, nimeona mbwa waliopona jipu wakafa kwa dawa ya kupoza maumivu ya jipu.

Na majike au madume wanaozurura, kinyama kinachotoa damu kwenye sehemu za siri, chenye sura ya kubomokabomoka, ni kansa inayoambukizwa kwa kupandana, seli zenyewe ndo zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Inasikika vibaya lakini ni moja ya zinazotibika vizuri sana, sindano za vinkristini, dawa ya kansa, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, wengi wanapona kabisa.

Ambavyo havisubiri hata kesho ni hivi: uso umevimba ghafla na anahema kwa shida, ufizi umekuwa mweupe, au tumbo zima limejaa kama ngoma na anajaribu kutapika hakitoki kitu. Hivyo ni kuwasha gari usiku huohuo.

SWALI: Dokta, Simba wangu ana miaka 14. Ana uvimbe kwapani mkubwa kama ngumi, tumeambiwa ni mzee aachwe. Lakini anatembea anautupa mguu pembeni na siku hizi hapandi ngazi. Je ni kweli amezeeka mno kwa operesheni?

JIBU: Kaka, umri peke yake haumkatazi mtu wala mbwa kupona. Nachoangalia mimi ni moyo wake, figo zake, ini lake, na kitu gani kinamuibia siku zake. Mbwa wa miaka 14 mwenye figo mbovu nitaogopa kumlaza. Mbwa wa miaka 14 mwenye damu nzuri, anayekula, ambaye tatizo lake pekee ni bonge kwapani linalomfanya autupe mguu, huyo nitafikiria kwa makini kumtolea, maana mwaka mmoja kwake ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki na haifai aumalize chini ya ngazi anakuangalia ukipanda.

Ila naona kwenye barua yako hakuna mahali umesema amewahi kuchomwa sindano. Aliyesema aachwe aliushika tu, au sio? Basi anza hapo. Achomwe, apimwe damu, asikilizwe moyo. Wakati unasubiri miadi, pima huo uvimbe leo na rula, weka zulia la kushika kwenye sakafu inayoteleza, mbebe kwenye ngazi mkono mmoja kifuani mmoja chini ya mapaja ya nyuma, usimnyanyue kwa kwapa. Kama ni mafuta tutaongea habari ya kuutoa. Kama ni kitu kingine tutaongea pia. Niandikie kioo kimesema nini.